Mama Mdogo kwa Siku Moja

Simu ililia saa nane mchana, nyumbani kukiwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuigusa. Tapsubei alikuwa ametimiza miezi miwili katika nyumba ya mwanawe huko Germantown, na katika miezi hiyo alikuwa amejifunza kuwasha jiko la umeme, kufungua mlango wa kioo wa nyuma, na kukaa kimya simu ikilia. Mashine iliyokuwa kando ya simu ilitoa mlio, kisha sauti ya mwanamke mzee ikasema maneno mengi ya Kiingereza, taratibu, kwa adabu ya mtu aliyebisha hodi akaambiwa angoje. Tapsubei aliendelea kuchambua maharagwe.

Jioni mkaza mwana wake, Waringa, alirudi kutoka kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi ya kuwahudumia. Hata viatu vyake vyeupe hakuvua. Alibonyeza kitufe, akasikiliza, akakibonyeza tena.

"Baba Audrey," alimwita mumewe aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. "Njoo usikie. Ni Bibi Pritchard wako, yule wa Welisi."

Eliudi Kipchumba alisimama palepale mlangoni, funguo za gari mkononi. Sauti ilijitaja kuwa ni Menna Pritchard. Alikuwa amefika Washington na kwaya ya akina mama. Wangeimba Jumamosi katika kanisa moja mjini, na Jumapili mchana angekuwa na nafasi. Kama haingekuwa usumbufu, angependa kumwona Eliudi na jamaa yake. Alitaja hoteli, akamalizia kwa neno moja la Kiwelisi, mashine ikanyamaza.

"Namba yetu ameipata wapi?" Eliudi aliuliza.

"Kwangu. Nilimtumia kadi ya Krismasi. Anwani ilikuwa ndani ya Biblia yako. Mtu amekulisha miaka miwili na wewe hata kadi humtumii. Niliona ni aibu."

"Jumapili niko kazini."

"Jumapili uko ofu. Ratiba yako iko pale kwa friji."

"Na gari lina shida ya breki."

"Limekupeleka kazini wiki nzima." Waringa alimtazama. "Napiga hotelini sasa hivi nimwachie ujumbe. Utamchukua saa sita. Nini mbaya?"

"Hakuna," alisema Eliudi.

Tapsubei aliinua macho kutoka kwenye maharagwe. Alikuwa Mnandi na Waringa Mgikuyu, na tangu siku ya kwanza mzee huyo alikataa kuzungumza Kinandi na mwanawe mbele ya mwenye nyumba. Alisema si vizuri mtu kufungiwa mlango jikoni kwake mwenyewe. Kwa hiyo aliuliza kwa Kiswahili, "Ni mgeni?"

"Ni mgeni, Mama," Waringa alisema. "Ni yule mama aliyemlea mwanao Ulaya."

"Basi tumpikie," alisema Tapsubei.

* * *

Kila Jumapili jioni, Waswahili wa pande hizo walikusanyika kwa ibada kwenye ukumbi wa kukodi kule Temple Hills. Walikuwa Wakenya, Watanzania wachache, na Wakongo waliokuwa wakiongezeka kila mwezi. Humo Eliudi aliitwa Mwalimu. Mchana alikuwa akiegesha magari ya wageni wa hoteli moja kule Alexandria, akipokea funguo na kusema ndiyo bwana, lakini jioni hizo alisimama mbele akafundisha Biblia, na watu walimpenda kwa sababu ya hadithi zake za Welisi.

"Mwalimu, utuambiye tena ile ya kanisa ya muchanga," Gervais, Mkongo aliyepiga gitaa, alikuwa akimwomba.

Naye angewaambia. Alikuwa amesoma chuo cha Biblia huko, na likizo zote alikaa kwa mzee Ifor Pritchard na mkewe Menna, katika kijiji kiitwacho Aberhelyg. Kilikuwa na nyumba zipatazo arobaini, zote za mawe, zimeegemeana kwenye mteremko kama watu waliokaa benchi moja. Paa zake zilikuwa za mawe meusi yaliyong'aa mvua iliponyesha, na mvua ilinyesha. Chini kabisa kulikuwa na bahari. Eliudi alikuwa mtoto wa Nandi Hills, hata Mombasa hakuwahi kufika. Bahari yake ya kwanza ilikuwa ile, baridi, yenye rangi ya sufuria kuukuu.

Ifor alikuwa fundi wa kuta za mawe zinazotenga malisho, macho yakamwishia. Kila Jumamosi alimshika Eliudi kiwiko, wakatoka kwenda vijiji jirani kwa njia ya juu ya magenge yanayoangukia baharini. "Unaona nini?" mzee aliuliza, na Eliudi akamwambia: mlango wa bluu, kondoo watatu, mama anaanika nguo na upepo unazikataa. Ifor akamweleza ni nyumba ya nani, nani amekufa humo, na mtoto yupi amehamia Uingereza asirudi. Walifika Porthmeillion, ambako mashua zilivutwa hadi mlangoni mwa watu. Walifika Llandegwen, ambako kanisa limejengwa karibu mno na maji, na kila baada ya majira ya baridi waumini huja na makoleo kutoa mchanga mlangoni kabla ya kuomba. Mwanzoni Eliudi akiingia dukani watu waliacha Kiwelisi wakageukia Kiingereza. Baada ya mwaka mmoja hawakuacha tena, na hilo lilimfurahisha kuliko cheti chochote.

Yote hayo yalikuwa kweli. Asichosimulia ni namna alivyoondoka.

Septemba ya mwaka 1996, viza yake ya kumfuata Waringa Marekani ilitoka. Nauli hakuwa nayo. Kanisa la Aberhelyg, wazee thelathini hivi, ndilo lililomlipia karo, na bado alikuwa na mwaka mzima wa masomo. Hakuweza kusimama mbele yao aseme naacha chuo, naomba tena fedha. Basi alimwambia Menna jikoni kwake kwamba mama yake amekufa na lazima aende. Maneno yalimtoka mepesi, yakamshtua yeye mwenyewe. Menna alikaa chini, akamshika mkono, akamuuliza mama aliitwa nani. Eliudi hakuwa ametayarisha jina la uongo. Akasema Tapsubei.

Jumapili iliyofuata wazee wale walizungusha kikapu. Wiki hiyohiyo Tapsubei alikuwa kwenye shamba lake, mzima wa afya, akichuma majani ya chai.

* * *

Jumamosi asubuhi Eliudi alimtoa mama yake matembezi. Nyuma ya nyumba zile mpya zilizofanana kulikuwa na bwawa la maji ya mvua, na bata bukini walikuwa wakitembea majanini kama wenye mtaa.

"Mama, kesho hungependa kwenda kwa kina Boniface wa kanisani? Mke wake anakuulizia kila siku."

"Kesho kuna mgeni."

"Ndiyo, lakini..."

"Mgeni anaingia, mimi natoka?"

Eliudi alipiga jiwe dogo teke. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na alijisikia kama mwenye kumi.

"Basi kuna jambo nataka kukuomba. Huyo mama akija, nitamwambia wewe ni mama mdogo. Ndugu yake mama."

Tapsubei aliendelea kutembea. "Kwa nini?"

"Ni mambo ya karatasi, Mama. Huku kila kitu ni karatasi."

"Huyo mama ni mtu wa serikali?"

"Hapana."

"Basi karatasi zinamhusu nini?"

Bata mmoja aliwanyoshea shingo, na mama akamfukuza kwa mkono bila kumwangalia.

"Nitaitwa nani?" aliuliza mwishowe.

"Rael."

"Rael ni marehemu. Alikufa hujazaliwa."

"Ndiyo maana jina lake halina mtu," Eliudi alisema, na neno hilo lilipofika masikioni mwake mwenyewe alitamani kulirudisha.

Mama yake alisimama, akajifunga leso upya, ingawa haikuwa imelegea. "Sawa," alisema. "Mama mdogo pia ni mama. Turudi, kumekuwa baridi."

Kumwambia Waringa kulikuwa kugumu zaidi, maana Waringa hakuwa mama yake.

"Nisimwite Mama?" aliuliza. Alikuwa akiloweka dengu, na aliacha mikono ndani ya maji. "Huyu mama amesafiri siku mbili kuja kukuona, na wewe unamwondoa kwenye umama wake kwa sababu mzungu anakuja kula?"

"Ni kwa siku moja."

"Umemfanyia nini huyo Bibi Pritchard?"

"Sijamfanyia kitu."

"Mimi nitamwita Gogo, kama Audrey anavyomwita bibi yake," Waringa alisema. "Uongo wako ubebe mwenyewe, mimi mikono yangu imejaa."

* * *

Menna Pritchard alikuwa akingoja nje ya hoteli, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa karibu na masikio, bati la biskuti limekumbatiwa kifuani. Alipomwona Eliudi alimwita *bach*, neno ambalo wazee wa kule humwambia mtoto wao wanapombembeleza, akamshika shavu. Eliudi alimfungulia mlango wa gari kwa namna aliyokuwa akiwafungulia wageni wa kazini, akaona haya kwa kuzoea kwake.

Walishika barabara kuu ya kaskazini. Menna alizitazama njia sita za magari, akasema kwamba Aberhelyg nzima ingeweza kulala kwenye upande mmoja wa barabara hii na bado ibaki nafasi ya kondoo.

"Ifor hajambo?" Eliudi aliuliza. Swali hilo alikuwa amelibeba tangu hotelini.

"Ifor alifariki, bach. Novemba ya mwaka uleule ulioondoka."

"Pole sana. Sikujua."

"Sikukuandikia. Ulikuwa na msiba wako, sikutaka kukuongezea wa pili." Aligeuza bati mapajani. "Watu walikuwa wakiuliza mbona haandiki, mbona hata salamu. Unajua kijiji. Ifor aliwakemea akiwa kitandani. Alisema, mtu aliyefiwa na mama yake mwacheni. Ilikuwa karibu hotuba yake ya mwisho."

Eliudi hakusema kitu kwa maili nyingi, na Menna akadhani ni huzuni. Ili kumchangamsha alimpa habari za nyumbani. Duka lilikuwa limefungwa, na posta sasa ni gari linalokuja Jumanne kwa saa moja. Shule ya Porthmeillion imekufa kwa kukosa watoto. Nyumba za chini karibu na bahari zimenunuliwa na watu wa mijini wanaokuja mwezi Agosti wakalalamikia kelele za kondoo. Kanisani wamebaki kumi na mmoja.

"Lakini bado tunakuulizia," alisema. "Kila anayerudi kutoka matembezini husema, Eliudi angeona kitu ambacho mimi sikukiona."

* * *

Waringa alikuwa amepika kuku, chapati, na majani ya duka ambayo Wakenya wa Maryland walikuwa wamekubaliana kuyaita sukuma wiki. Audrey, mwenye miaka tisa, alikuwa amevalishwa gauni asilolipenda. Tapsubei alikaa kwenye kiti kilicho karibu na ngazi, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kusubiri gari.

"Huyu ni mama yangu mdogo," Eliudi alisema kwa Kiingereza. "Ndugu yake mama. Anaitwa Rael."

Menna aliweka bati chini, akamshika mzee mikono yote miwili. Alisema kwamba anampa pole kwa ajili ya dada yake, kwamba kupoteza dada ni kupoteza mtu wa mwisho anayejua ulivyokuwa mtoto.

Tapsubei alimgeukia mwanawe.

"Anasema amefurahi kukuona," alisema Eliudi.

Waringa alikuwa ametokeza mlangoni pa jikoni na sahani mkononi. Kiingereza alikisikia chote, na Kiswahili alikisikia chote. Aliiweka sahani mezani polepole, akamtazama mumewe, mumewe akatazama chapati.

Walikula. Menna aliisifu chai ya maziwa, akakata keki yake ya zabibu kavu vipande vyembamba. Alipoambiwa kwamba Rael naye ni mkulima wa chai alicheka kwa furaha, akasema miaka sitini amekuwa akiinywa bila kumjua mtu hata mmoja aliyeichuma. Halafu alitoa bahasha ya picha. Alimpa Tapsubei moja moja, mkononi, kama mtu anayegawa kadi kwa mgeni wa heshima: nyumba za mawe kwenye mteremko, njia ya juu ya magenge, kanisa la mchangani, mbwa. Audrey aliuliza kwa Kiingereza kama kondoo wale wana majina.

Picha iliyofuata ilikuwa ya kaburi.

"Hili ni la Ifor," Menna alimweleza Waringa. "Jumapili moja kabla ya Pasaka kijiji kizima huosha makaburi na kuyawekea maua. Hakuna kaburi linaloachwa. Sasa mimi nilifikiri, la mama yake Eliudi liko mbali, sisi wa Aberhelyg hatutalifikia kamwe. Kwa hiyo kila mwaka namwekea chupa yake ya maua pembeni ya Ifor, na kadi. Mwaka jana na mwaka huu. Nilidhani Eliudi angependa kuona."

Tapsubei alikuwa amefundishwa kusoma ukubwani, na Biblia yake ya Kiswahili aliisoma kila siku akifuatisha kidole. Aliisogeza picha karibu na macho. Kidole chake kilipita juu ya jiwe jeusi, kikapita juu ya maua ya manjano, kikafika kwenye kadi nyeupe iliyoandikwa kwa wino mzito. Maneno ya kwanza yalimshinda. Kidole kilisogea, kikasimama. Midomo yake ilitamka herufi moja baada ya nyingine bila sauti.

Alikuwa na lugha mbili za kuchagua. Angesema kwa Kinandi, na jambo lingebaki kati yake na mwanawe. Alisema kwa Kiswahili.

"Kipchumba mwanangu, hili hapa ni jina langu."

Waringa alikaa chini.

"Na haya ni makaburi?"

"Ndiyo, Mama," alisema Eliudi. "Hili ni la mumewe."

Tapsubei aliiweka picha mezani, akainyoosha kona iliyokunjika. Hakupandisha sauti. "Mwambie kwamba dada yangu anashukuru."

Eliudi alimwambia Menna kwamba mama mdogo anashukuru.

"Mwambie kwamba dada yangu hakupata kuletewa maua na mtu maishani mwake, hata na mtoto wake."

Eliudi alifungua kinywa, akasema maneno matatu ya Kiingereza.

"Umeyafupisha," alisema mama. "Muulize siku alipopata habari kwamba dada yangu amekufa, ilikuwaje."

Menna alielezea kwa moyo wote, macho yake kwa mzee mwenziwe. Alisema walimwimbia nyimbo mbili kwa Kiwelisi. Ifor alisimama nyimbo zote mbili ingawa miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Alisema wanawake walimpelekea Eliudi chakula kwa siku nne, na chakula kilirudi kama kilivyokwenda, maana kijana alikuwa akilia tu.

"Anasema waliimba," alisema Eliudi.

"Hakusema hivyo tu." Ilikuwa sauti ya Waringa, kavu. Alimtafsiria mama mkwe wake neno kwa neno, bila kuruka hata moja: nyimbo, miguu ya mzee, chakula, siku nne.

"Hakula," alisema Tapsubei.

"Hakula, Mama."

"Alikuwa analia." Alifikiri juu ya jambo hilo kwa muda. Menna alikuwa sasa akitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, tabasamu likimpungua. "Kipchumba, mwambie. Mimi Kiingereza sina. Mama Audrey anacho, lakini huo si uongo wake. Na huyu mama asipande ndege kwenda kuniwekea maua ya kaburini tena."

Waringa alimtuma Audrey juu, chumbani kwake. Eliudi alingoja mpaka mlango ulipofungwa. Alijaribu kuanza kwa viza, kisha kwa karo, na mara zote mbili aliacha, kwa sababu aliona Menna anamsikiliza kwa huruma, na huruma ile ilimchoma.

"Bibi Pritchard," alisema, "huyu ndiye mama yangu. Ndiye Tapsubei. Hakufa. Nilisema amekufa ili mnipe nauli."

Menna hakuelewa papo hapo. Aliitazama picha, akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake na leso ya maua kichwani. Akavua miwani.

"Yeye alikuwa anajua?"

"Amejua sasa hivi. Kwenye hiyo picha."

"Ee Mungu," alisema Menna, lakini kwa sauti ndogo, na alikuwa akimwambia Tapsubei. Kisha akaanza kukusanya picha zake, akazipanga ukubwa kwa ukubwa ingawa zote zilikuwa sawa. "Ifor aliwakemea watu kwa ajili yako," alisema. "Nimefurahi kwamba mama yako yu hai. Kesho nitafurahi zaidi. Leo naomba unirudishe hotelini."

Aliposimama, Tapsubei naye alisimama. Alimshika mikono yote miwili, kama mgeni alivyomshika alipoingia.

"Mama Audrey, mwambie mimi ni Tapsubei. Mwambie pole kwa mzee wake."

Waringa alitafsiri. Menna aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Picha ya kaburi aliichukua. Ile ya njia ya magenge alimwachia.

* * *

Alipofika hotelini Eliudi alishuka kumfungulia mlango, lakini Menna alikuwa amekwisha kuufungua mwenyewe.

"Sitawaambia mimi," alisema. "Utaandika. Mimi nitawasomea, wote kumi na mmoja. Usiandike kirefu. Wengine hawasikii vizuri."

Jioni ile hawakwenda Temple Hills. Gervais alipiga simu kuuliza Mwalimu yuko wapi, na Eliudi akasema mwambieni Boniface afundishe, leo na Jumapili zijazo. Gervais akauliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana.

Waringa alikuwa akiosha vyombo. Alipomaliza alikausha mikono, kidole kimoja kimoja.

"Nilikungoja uwanja wa ndege kwa saa tano, mtoto amenilalia mapajani," alisema. "Nilikuwa nimenunua koti lako. Niliwaambia watu wa kazini, mume wangu amejitahidi, amepata nauli yake mwenyewe." Alitundika kitambaa. "Kumbe nilipokea mtu aliyeletwa na rambirambi."

"Nisamehe."

"Anza na wengine. Mimi niko hapa hapa, utanifikia."

* * *

Barua iliandikwa Jumatatu, kabla ya Eliudi kwenda kazini, kwenye meza ya jikoni, mama yake amekaa mbele yake. Alitaka kusikia kila sentensi kwa Kiswahili kabla haijaandikwa kwa Kiingereza.

"Nasikitika kuwaarifu kwamba palitokea kutoelewana..." Eliudi alisoma.

"Nani hakuelewana na nani?"

Alifuta. "Katika hali ngumu niliyokuwa nayo, nilipotosha ukweli kuhusu familia yangu."

"Mimi nikisikia hivyo sielewi ulifanya nini. Na wale wazee hawasikii vizuri." Aligonga meza kwa kidole. "Andika ulichomwambia yule mama jana. Nilisema mama amekufa ili mnipe nauli. Maneno hayo hayana shida, hata kiziwi atayapata."

Eliudi aliandika. Mkono ulikuwa mzito kama wa mtu anayejifunza. Alipotaka kuandika kwamba atarudisha fedha, kidogo kila mwezi, mama alimwambia aiweke ahadi hiyo chini kabisa, asije akadhani hilo ndilo kubwa. Alipomaliza, karatasi ilikuwa na mistari tisa. Aliisoma yote kwa Kiswahili, na hapo sauti ikamkatika. Mama hakumbembeleza, wala hakuondoka. Alimsubiri mpaka akamaliza kusoma.

"Siku ulipozaliwa," alisema kisha, "niliambiwa nitakufa mimi au utakufa wewe. Sikujua wewe uliendelea kuchagua nani afe."

Eliudi aliinama. Neno hilo alikwenda nalo kazini, akalibeba siku nzima, akipokea funguo za watu.

Jibu lilikuja wiki ya tatu ya Juni. Bahasha ilikuwa na stempu ya malkia na mwandiko mzito wa Menna, na haikuandikwa jina la Eliudi. Iliandikwa Bibi Tapsubei. Siku hiyo Waringa alikuwa kazini, kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kuisoma.

Walikaa nyuma ya nyumba. Eliudi alifungua, akatafsiri mstari kwa mstari, polepole, bila kufupisha.

Menna aliandika kwamba barua ilisomwa kanisani baada ya wimbo wa pili. Mama mmoja alichukua mwavuli wake akatoka, na hajarudi tangu siku hiyo. Kisha mzee Bowen, ambaye hasemi kitu kanisani, aliuliza kama huyo mama ana afya njema, na Menna akaweza kuwajibu kwamba ndiyo, amemwona kwa macho yake na kula chapati zake. Aliandika kwamba msimu huu vichaka vya miiba vimechanua kote. Njia ya kwenda Porthmeillion imekatika, genge limeangukia baharini wakati wa dhoruba, na sasa watu hupitia malishoni kwa kina Bowen, ambako kuna geti zito la kuinua kwa mikono miwili. Aliandika kwamba kama Tapsubei angependa kufika siku moja, kitanda kipo, na wangetembea polepole, maana wote wawili si wasichana tena. Alimsalimu Waringa na Audrey kwa majina.

Eliudi alimaliza. Mama yake alikuwa ametazama mbali, kwenye bwawa.

"Na wewe, amekusalimu?"

Aligeuza karatasi, ingawa alijua nyuma hakuna kitu.

"Hapana, Mama."

Tapsubei alivuta kiti chake karibu na cha mwanawe, hadi mabega yao yakakaribia kugusana.

"Basi isome tena," alisema. "Anzia pale njia ilipokatika."